Gari Lililoegeshwa Kivulini

Mbwa alilizunguka gari mara tatu, akanusa mlango wa dereva, kisha akakaa chini na kumtazama mwenye kamba kana kwamba anauliza ameletwa hapa kufanya nini.

Ndivyo alivyofanya jana jioni na ndivyo alivyofanya leo alfajiri. Curtis Antone, aliyekuwa akiongoza watu wa kujitolea wa utafutaji, alisema mbwa hana kosa, upepo ndio umevuruga harufu. Alikuwa na watu arobaini kwenye njia ya Palo Seco, wengine juu kabisa mgongoni mwa mlima, na mpaka saa hiyo hawakuwa wameokota hata kifuniko cha chupa.

Ofelia Bracamonte, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alikuwa amefika nusu saa iliyopita. Alisimama nyuma ya watu, mikono ndani ya mifuko ya koti, akiliangalia gari. Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, katikati ya Januari, na jua la Tucson lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kupasha mawe.

Aliyepotea aliitwa Marlys Haugen, miaka sitini na minne, muuguzi mstaafu kutoka Duluth, Minnesota. Alikuja na dada yake na shemeji yake kwa siku nne, kukimbia theluji ya kwao na kufanya mazoezi juani. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliondoka na gari la kukodi kwenda kutembea peke yake. Saa nane mchana dada yake alipiga simu. Saa kumi gari likaonekana hapa, kwenye maegesho ya Palo Seco, limefungwa, na tangu hapo watu wanapanda na kushuka.

Daktari wa kikosi alikuwa amesema neno moja tu, naye hakulirudia. Usiku wa Januari jangwani maji huganda ndooni. Mtu mzima aliyeumia anaweza kuuvuka usiku mmoja. Wa pili asiutegemee. Jua lingezama saa kumi na moja na dakika arobaini.

Ofelia alilipiga gari picha pande zote nne, juu, na chini ya matairi. Kisha akahesabu hatua kutoka kwenye gari hadi kwenye geti la njia. Zilikuwa mia mbili na kumi na moja.

Alimwendea mama mmoja wa kujitolea aliyekaa kibandani pale getini, shuka miguuni na kahawa mkononi, akamwuliza kama jana asubuhi maegesho yalijaa. Yule mama alicheka. Jana asubuhi palikuwa na magari manne, akasema, yote yamebanana hapa mbele juani kama paka, maana baridi ilikuwa kali. Upande ule wa mti haangaliagi kabisa. Kule watu huegesha kiangazi, wakati ukiliacha gari juani unarudi huwezi kushika usukani. Januari nani aende kule?

Ofelia alirudi kwenye gari. Lilikuwa limesukumwa ndani kabisa chini ya mgunga, matawi yakigusa paa.

"Mzee," alimwambia Curtis, "nafasi za mbele zilikuwa wazi. Mgeni wa baridi anatembeaje hatua mia mbili kufuata kivuli?"

"Labda hapendi jua."

"Amelipa ndege kuja kuliota."

Curtis alijikuna shingo. Yeye mwenyewe, alikiri baada ya kufikiri, angeegesha palepale. Huwa haangalii mwezi, anaangalia mti. Mkono unaenda wenyewe. Mtu akishaunguzwa mapaja na viti vya gari miaka hamsini, anafuata kivuli hata mvua ikinyesha.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Ofelia, akapiga magoti.

Nyayo za watafutaji zilikuwa zimefuta kila kitu, isipokuwa nyuma ya gari, ambako matawi ya miiba yalishuka mpaka chini na hakuna aliyetaka kuchanika. Ofelia aliingia kwa tumbo. Alikaa humo dakika arobaini. Curtis alimwita mara mbili, mara ya tatu akamletea maji, akamwambia afande, ukitafuta mijusi nina binamu anayewafuga.

Alipotoka alikuwa na miiba kwenye nywele. Alimwonyesha mstari wa tairi la baiskeli mchangani. Ulianza nyuma ya buti la gari, ukapita chini ya matawi, ukatokea barabarani. Kila baada ya hatua mbili na kidogo palikuwa na alama ndogo kama mwezi mchanga, pale mpira ulipokatika. Ulikuwa mstari wa kutoka. Wa kuingia haukuwepo.

"Baiskeli haziruhusiwi njia hii," alisema Curtis. "Na hiyo imetokea wapi, mbinguni?"

"Imeshuka kwenye buti. Mtu kalileta gari, kashusha baiskeli, kaondoka. Mbwa wako yuko sawa, mzee. Huyu mama hajawahi kukanyaga hapa."

Curtis aliutazama mlima uliokuwa umejaa watu wake wenye koti za rangi ya chungwa. Aliuliza sasa wakamtafute wapi. Ofelia alisema hajui, na wasishuke bado. Kisha akaingia kwenye gari lake.

Nyumba waliyopanga ilikuwa mtaa wa kaskazini, nyumba ya chini ya rangi ya udongo. Dada mtu, Bernadine, alifungua mlango akiwa na taulo la jikoni begani. Macho yalikuwa yamevimba, lakini oveni ilikuwa inawaka. Kabla Ofelia hajaketi alikuwa ameshawekewa sahani ya viazi na nyama ya kusaga iliyookwa pamoja. Kwao, alisema Bernadine, kukiwa na shida watu wanalishwa, na polisi pia ni watu. Mumewe Dale, mtu mkubwa mwenye mashavu mekundu, alisimama karibu na dirisha na kuuweka mkono wake wa kulia mfukoni.

Kwenye friji palikuwa na karatasi imebandikwa. Marlys alikuwa ameanza kuuandika mpango wa siku hizo nne tangu Novemba, theluji ya kwao ilipofika madirishani. Kila saa ilikuwa na rangi yake. Ijumaa, kuchukua baiskeli. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, Marlys peke yake, matembezi Palo Seco, na mbele yake ameandika, *nyie laleni*. Saa sita, wote watatu, ile tenisi ya vibao ambayo wazee wa mji huu wamekuwa wendawazimu nayo. Jumapili, maili ishirini za baiskeli kando ya mto. Hata muda wa kupaka mafuta ya jua ulikuwa umeandikwa.

Ofelia aliuliza kama Marlys huwa anabadilisha mpango. Dale aliguna. Shemeji yake, alisema, aliwahi kuwaondoa kwenye harusi wakati keki inakatwa, kwa sababu karatasi ilisema saa tatu.

Ofelia alikuwa ameliuliza hilo swali huku akiuangalia mkono wa Dale uliokuwa mfukoni. Akamwomba autoe. Kiganja kilikuwa kimevimba, kina vitundu kumi na tano au ishirini, vingine bado na miiba ndani. Jana Dale alikuwa amewaambia askari kwamba asubuhi hakutoka kitandani mpaka saa mbili, na hakwenda jangwani kabisa.

"Kaka, hii ni miiba ya chola, dungusi wa jangwani," alisema Ofelia. "Chola haioti kitandani."

Dale alimtazama mkewe, akatazama sakafu. Maelezo yake yalichukua muda. Ijumaa jioni aliona ule mmea uani, una manyoya meupe kama mtoto wa dubu, jua limeupiga kwa nyuma. Kila mtu alikuwa ameshamwonya. Hata kwenye ndege mhudumu alimwonya. Akaupapasa. Donge zima likamganda mkononi, akajifungia bafuni na koleo ya nyusi ya mkewe, na tangu hapo amekuwa akikaa na mkono mfukoni.

"Thelathini na mbili," alisema Bernadine taratibu. "Miaka thelathini na mbili nimeishi na mtu huyu."

Ofelia alitoka uani akaukuta ule mmea na pengo lake. Hilo halikumaliza neno, maana mtu anaweza kupapasa chola Ijumaa na kumdhuru shemeji yake Jumamosi. Dale alikuwa akijua mpango. Dale angeweza kushika baiskeli. Ofelia alirudi ndani, akatoa ufunguo wa gari lake na kumrushia Dale.

"Naomba unisogezee gari, nimeziba njia ya jirani. Weka popote."

Alimfuatilia kwa dirisha la jikoni. Mbele ya nyumba kulia kulikuwa na mti wa palo verde wenye kivuli kizuri na nafasi ya gari chini yake. Kushoto, karibu na mlango, palikuwa wazi, jua tupu. Dale hakuutazama mti hata kidogo. Aliliegesha mlangoni kabisa, juani, akashuka, akafunga. Kisha, bila kusimama, akapita mbele ya gari na kuziinua waipa zote mbili zikabaki zimesimama hewani kama pembe za panzi. Akaingia ndani akipangusa mikono.

"Kwa nini umezinyanyua?" aliuliza Ofelia.

"Nimenyanyua nini?"

Bernadine ndiye aliyechungulia, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka, machozi yakimtoka. Ni baba yao, alisema. Marehemu aliwafundisha yeye na Marlys kwamba kuanzia Novemba hadi Aprili gari halilali na waipa chini, zitaganda kwenye kioo na kukatika, na asiyenyanyua atakwangua barafu ya magari ya familia nzima. Dale alifundishwa kwa makelele. Marlys ndiye mbaya zaidi. Hata uwanja wa ndege, walipopewa gari na kulisogeza kidogo wapakie mizigo, alishuka akazinyanyua, na kijana wa pale akamwuliza kama anataka zibadilishwe.

Ofelia alifungua picha zake. Gari chini ya mgunga, kutoka mbele. Waipa zilikuwa zimelala kwenye kioo.

Aliwasogezea simu waone. Bernadine aliacha kucheka.

"Hakuegesha yeye," alisema.

"Hapana. Wala si mumeo. Ni mtu wa hapahapa." Ofelia aliinuka akaenda kwenye friji. "Lakini alijua apeleke gari wapi ili tuamini. Karatasi hii imeonwa na nani?"

Nyumbani hakuna aliyeingia. Dale alikuwa na uhakika, na jirani hawajamjua. Bernadine alifikiri, akaenda kuchukua mkoba wake. Marlys alitoa nakala tatu, alisema, moja ya friji, moja yake mwenyewe, na moja ya Bernadine kwa sababu huwa anasahau. Ijumaa walipokwenda kukodi baiskeli, Marlys alimwonyesha mwenye duka nakala hii, kujivunia tu. Yule bwana aliisoma yote, akachukua kalamu.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Palo Seco ilizungushiwa duara la wino mweusi, na pembeni yake mtu ameandika: *Huku ni kwa watoto.*

Bernadine hakusikia walichozungumza baada ya hapo, alikuwa anajaribu kofia. Aliona tu dada yake anacheka kama msichana na kununua glovu za ngozi. Glovu za nini, aliuliza Ofelia, Palo Seco unatembea tu, hushiki hata jiwe. Bernadine alisema naye aliuliza, akajibiwa kwamba zitaeleza zenyewe saa sita.

Akiwa ndani ya gari, Ofelia alimpigia Curtis na kumtajia jina la mwenye duka: Wendell Stroud.  Curtis alimjua. Stroud alikuwa mwongozaji wa watu kwenye makorongo, kuteremka maporomoko kwa kamba, mpaka miaka miwili iliyopita mteja wake alipovunjika mgongo na wakamnyang'anya kibali. Akikutwa tena na mteja kwenye kamba, ni jela. Sasa anakodisha baiskeli, alisema Curtis, au ndivyo tunavyoambiwa.

"Watu washuke Palo Seco," alisema Ofelia. "Walishwe, wapande kwenye magari, wasubiri. Nitakupa jina la korongo."

"Lini?"

"Kabla ya saa nane."

Duka la Stroud lilikuwa pembeni ya barabara ya mto, katikati ya kinyozi na dirisha la mama auzaye tamale za unga wa mahindi. Ofelia hakuingia. Alinunua tamale mbili, akala moja amesimama, akimsikiliza yule mama akilalamika kwamba biashara ya jana ilikuwa mbaya. Jumamosi ya Januari, wageni wamejaa njia ya mto, na jirani yake mwenye baiskeli hakufungua mpaka saa tisa mchana. Wateja walikuja, wakakuta kufuli, wakaenda zao pamoja na njaa yao. Ofelia alimpa pole, akaifunga tamale ya pili, akazunguka uchochoro wa nyuma ambako mapipa ya taka ya mtaa yalipangwa. La pili kutoka mwisho lilikuwa na kile alichokuwa akikitafuta. Alikiweka kwenye mfuko wa ushahidi, akakifungia ndani ya buti. Ndipo akaingia dukani.

Wendell Stroud alikuwa mwembamba, mwenye ngozi ya mtu aliyekaa juani maisha yake yote, na sauti ya upole. Alimkaribisha, akamwuliza anataka baiskeli ya siku moja au ya wiki. Alipoona kitambulisho alishusha kitambaa alichokuwa akifutia spana na kusema amesikia redioni, inasikitisha, yule mama alikuwa mtu wa furaha sana. Alimshauri abebe maji ya kutosha, alisema. Wageni hawa hawajui jangwa.

"Ulimwandikia kwamba Palo Seco ni kwa watoto."

"Utani wa duka, dada. Kila mteja namtania."

"Jana ulifungua saa ngapi?"

"Saa tatu. Kawaida."

"Mama wa tamale anasema saa tisa."

"Anapenda kuongea huyo." Alitabasamu. "Basi, nilikuwa na homa kidogo. Sikutaka kusema, watu wanaogopa kukodi."

Ofelia alitembea polepole kwenye safu ya baiskeli, akigusa moja moja. Mwishoni ilisimama ya kijivu, fremu imekwaruzika, tairi la nyuma limekwisha. La mbele lilikuwa jipya. Aliuliza ni ya nani. Ya kwake, alisema Stroud, hukaa nyuma ya pikapu siku zote. Tairi alibadilisha lini? Ijumaa asubuhi, na tangu hapo ameiendesha kila siku.

"Vinyweleo vya mpira vya kiwandani vyote bado vimesimama," alisema Ofelia. "Tairi hili halijawahi kugusa lami."

Alitoka nje, akarudi na mfuko, akauweka kaunta. Ndani yake kulikuwa na tairi kuukuu. Alilizungusha kwa nje ya plastiki mpaka mkato ulipofika juu, umepinda kama mwezi mchanga.

"Limetoka pipa la uchochoroni. Alama yake iko nyuma ya gari la Marlys Haugen, imetoka, haikuingia. Umeliweka gari kivulini, kaka. Hukufikiri. Nisingekuwa nimezaliwa hapa nisingeliona."

Stroud alichukua kitambaa akaanza tena kuifuta ileile spana.

"Sasa ni saa saba na dakika ishirini," alisema Ofelia. "Nimebakiwa na saa nne za mwanga. Watu arobaini wameukwangua mlima usio wake tangu jana. Sitaki hadithi. Nataka jina la korongo."

"Nadhani nahitaji wakili."

"Utampata, na usijibu kesi yoyote mpaka awe amekaa pembeni yako. Mimi sikuulizi habari ya kesi. Nakuuliza yuko wapi."

Stroud aliendelea kufuta spana. Nje, wageni wawili walijaribu mlango, Ofelia akawaonyesha kwa mkono waende. Hakumharakisha. Alivuta kigoda, akaketi, akaweka saa yake ya mkononi juu ya kaunta, uso wake ukimwelekea.

"Alikwisha," alisema Stroud hatimaye. "Hakuna cha kuokoa pale. Aliteleza maporomoko ya tatu, hata kwenye kamba hakuwa bado. Nilimshukia, nikamwita, hakuitika. Nikamgusa shingoni. Hakuna kitu. Nikauchukua ufunguo kwenye mkoba wake, nikaondoka. Nilichanganyikiwa. Wewe ungefanya nini?"

"Ulimgusa kwa mkono gani?"

"Nini?"

"Shingoni. Mkono gani?"

Stroud aliitazama mikono yake miwili. "Wa kulia."

Ofelia hakuandika. "Korongo."

"Nimekwambia amekufa."

"Umeniambia. Kama amekufa, jina la korongo halikuongezei kitu. Kama yuko hai, kila dakika inayopita hapo kwenye saa unamuua upya, na mimi nimekaa nashuhudia. Korongo gani, Wendell?"

Mkono wa dakika ulisogea mara mbili.

"Tinaja Honda," alisema. "Upande wa magharibi. Maporomoko ya tatu, chini kushoto."

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tisa. Ofelia alimwita askari aliyekuwa akisubiri barabarani aje amchukue Stroud, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshampigia Curtis.

Tinaja Honda ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari, nusu yake barabara ya mawe iliyotaka kuvunja ekseli. Kutoka pale pikapu zilipokwama walipanda kwa miguu, Curtis mbele, Ofelia nyuma yake, na waokoaji wawili na kamba na machela. Helikopta ilizunguka juu, ikaondoka, rubani akisema kuta zimebanana mno, haoni chini. Kivuli kilikuwa kimeshajaza upande mmoja wa korongo na kilikuwa kinapanda. Ukiingia ndani yake ulihisi baridi ya jana usiku bado imekaa kwenye mawe.

Curtis aliuliza kwa sauti ndogo kama anaamini yule mtu. Ofelia alisema anaamini jina la korongo.

Kwenye maporomoko ya tatu, chini kushoto, hapakuwa na mtu. Palikuwa na damu iliyokauka kwenye mwamba, na glovu moja ya ngozi. Mwokoaji mmoja alisema labda mbweha wa jangwani. Ofelia aliinama. Mchanga ulikuwa umeburuzwa, si kwa meno. Alama mbili sambamba, fupi fupi, za viwiko. Zilikwenda mashariki, zikageuka, zikarudi kaskazini.

"Anafuata jua," alisema. "Jana amekwenda kule lilipokuwa, leo huku."

Aliinua macho. Kulikuwa na kipande kimoja tu cha ukuta ambacho bado kilikuwa cha njano, nyuma ya jabali kubwa kama nyumba. Hakusubiri kamba. Aliteremka akijishika kwa vidole, mawe yakimkimbia miguuni, Curtis akimwita afande, afande, subiri.

Marlys Haugen alikuwa ameegemea mwamba, uso wake juani, midomo imepasuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa barabara kwa fimbo ya kutembelea na kamba za viatu vyote viwili, mafundo ya mtu aliyefunga miguu ya watu maisha yake yote. Karibu naye palikuwa na shimo la maji mwambani na kofia ya baiskeli aliyokuwa akiyachotea. Macho yake yalimfuata Ofelia tangu alipotokea.

Ofelia alimshika mkono akajitambulisha. Mkono ulikuwa baridi, lakini ulimbana. Waokoaji walifika, wakaanza kazi yao, blanketi, sindano, machela. Mmoja alisema redioni kwamba yuko hai, akarudia, maana wa upande wa pili hakuamini.

Marlys alikuwa anajaribu kusema kitu. Ofelia alimlowanisha midomo, akainamisha sikio.

"Yule bwana," alisema Marlys. "Wendell. Amefika salama?"

Mikono ya Curtis ilisimama juu ya fundo.

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Gari langu liliziba pikapu yake, nikampa ufunguo akalete msaada. Alisema baada ya saa mbili tu atakuwa amerudi. Usiku ulipoingia nikajua kapata ajali kwenye barabara ile." Alivuta pumzi. "Nimemwombea usiku kucha. Mimi ndiye niliyemwambia aende haraka."

"Ulimpa wewe mwenyewe? Mkononi?"

"Mkononi. Akaniambia nisisogee."

Ofelia alitoa daftari. Aliangalia saa, akaandika kwanza muda, saa kumi na dakika kumi na mbili, kisha majina ya wote waliokuwa wamesimama pale na kusikia. 

"Amefika salama, mama," alisema. "Hana hata mkwaruzo. Sasa niambie tena, polepole, tangu alipokuja pale ulipoangukia. Neno kwa neno, wewe ulisema nini na yeye akajibu nini."